Sekunde Tisa na Ufunguo Mmoja

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana hadithi hii ina simu za kutosha. Nikikosea nirekebisheni, nikinyamaza msinisaidie. Nikifika mwisho mimi nitakuwa nimechoka, na kazi ya kuamua itakuwa yenu.

Palikuwa na kituo cha simu za ambulansi katika mji mmoja chini ya milima. Ukivunjika mguu shambani, ukishikwa na uchungu jikoni, unapiga namba, mpokeaji anaandika mahali ulipo, anabonyeza kitufe, gari linatoka. Nyuma ya wapokeaji palikuwa na chumba cha mashine, na mlango wake ulikuwa na ufunguo mmoja tu. Hiyo ndiyo desturi waliyoikuta: ufunguo mmoja, shingo moja. Anayeuvaa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mashine. Wengine wote, hata mwenye shahada tatu, wanabisha hodi.

Miaka yote ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mzee Mhina. Sasa Mzee Mhina alikuwa anastaafu, na mashine ikachagua wakati huohuo kuugua. Mara chache kwa siku, mpokeaji akibonyeza kitufe, skrini inaganda. Sekunde tano, saba, hata tisa. Kisha inaendelea kana kwamba haikufanya kitu. Sekunde tisa si kitu ukisubiri chai, ila mtu anayetokwa na damu anazihesabu moja moja.

Bi. Saumu, mkuu wa kituo, akawaita mafundi wake. "Sina maneno mengi," akasema. "Atakayeniondolea ugonjwa huu ndiye nitakayemvika ufunguo. Mmoja. Msije mkaniambia niukate vipande."

Mafundi walikuwa watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Shemdoe alijaliwa kunusa. Alianza kazi akiwa mpokeaji wa simu kabla hajaingia upande wa mashine, na alikuwa na tabia ya kukaa nyuma ya wapokeaji akisikiliza wanavyonung'unika. Mwingine akisoma vitabu vitatu kutafuta hitilafu, yeye anakunywa kahawa, anakuna kidevu, anasema, "Tatizo liko pale." Na mara nyingi liko pale. Ukimuuliza amejuaje, anakuambia amejua tu.

Leokadia alijaliwa mikono. Alikuwa mgeni, miezi minane tu tangu afike, na alikuwa na uwezo wa kuchungulia ndani ya mashine inayokimbia bila kuisimamisha. Mafundi wengine walizima kwanza ndipo wakafungua. Yeye aliingia, akatega, akatoka, na simu zikaendelea kulia.

Mwanjaa alijaliwa macho. Mpe ukurasa wa tarakimu elfu, atakuonyesha moja isiyotulia. Alikuwa na miaka sita kituoni. Kwa miaka sita alikuwa amebisha hodi kwenye mlango wa Mzee Mhina, na kwa miaka sita aliumezea mate ule ufunguo.

Kwa huyu Mwanjaa ndipo tutakapokaa, kwa sababu alikuwa na kitu kimoja zaidi ya wenzake. Alikuwa na kijiba cha roho. Tangu Leokadia alipofika, kila aliyepita kwenye korido alikuwa na habari yake: Leokadia kafanya hivi, Leokadia kaweza vile. Hata Mzee Mhina, ambaye hakuwahi kumsifia mtu, alisema yule binti ana mkono mwepesi. Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwanjaa alijiuliza mbona yeye mwenyeji ndiye anayeugua.

Haya, kazi ikaanza.

Nataka mnielewe kidogo kuhusu mashine, na sitawachosha. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini. Programu tunazoziona kwenye skrini ni wageni tu. Zikitaka kuandika, kusoma au kutuma chochote, zinakwenda kupiga hodi kwa kiini. Na kiini kina kazi ndogondogo maelfu kwa maelfu, kila moja na jina lake, mlango wake wa kuingilia na mlango wake wa kutokea. Moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa inakawia, lakini ipi?

Shemdoe akakaa siku mbili nyuma ya wapokeaji. Akagundua skrini haigandi mtu anapopiga simu wala anapoongea, ila pale tu taarifa inapotaka kuandikwa kwenye diski. Akarudi na jina moja kwenye karatasi, jina la kazi moja katika yale maelfu. "Chunguzeni hapa," akasema, "na asije mtu kusema baadaye kwamba ilikuwa bahati."

Leokadia akalichukua lile jina na kutega. Mtego mmoja aliuweka mlangoni pa kuingilia, uandike saa ombi la programu linapoingia. Mwingine aliuweka mlangoni pa kutokea, uandike saa linapotoka. Toa ya kwanza kwenye ya pili, unajua ombi limekaa ndani muda gani. Yote hayo aliyafanya mashine ikiwa hai, saa nne asubuhi, simu zinaingia, na hakuna mpokeaji aliyejua kwamba kuna mtu amegusa kitu. Mwanjaa alisimama nyuma yake akitazama vidole vyake. Alitamani vikosee.

Jumanne majibu yakatoka. Kila ombi lilikaa ndani chini ya sekunde moja, na mengi yalikaa muda mdogo usiohesabika. Leokadia akakunja uso. Akachapisha kurasa zote, akazipeleka mezani kwa Mwanjaa.

"Dada Mwanjaa, samahani. Hebu nitazamie hizi. Kesho saa tatu nazipeleka kwa Bi. Saumu, na inaelekea Mzee Shemdoe safari hii amekosea."

"Ziache hapo," Mwanjaa akasema.

Akazitazama. Nusu saa haikuisha akaona. Maombi yaliyoingia yalikuwa elfu nne mia mbili na sita. Yaliyopimwa muda yalikuwa elfu tatu mia tisa na themanini. Mia mbili na ishirini na sita yaliingia na hayakuonekana yakitoka. Yamekwenda wapi?

Akaifungua programu fupi ya mitego aliyoiandika Leokadia, na kosa likamtumbulia macho. Mtego wa kuingilia ulikuwa na nafasi moja tu ya kuandikia saa. Ni kama mlinzi wa geti mwenye kibao kimoja: akiingia mgeni wa kwanza anaandika saa mbili, akiingia wa pili anafuta anaandika saa nane. Yule wa kwanza akitoka saa tisa, mlinzi anasoma kibao na kusema, "Huyu amekaa saa moja." Kumbe amekaa saba. Kisha anafuta kibao, na wa pili akitoka hana kumbukumbu yoyote. Mwenye mikono myepesi alisahau kwamba mashine hii hupokea wageni wengi kwa wakati mmoja. Shemdoe hakuwa amekosea hata kidogo.

Mwanjaa akainuka. Alikuwa ameshafika katikati ya chumba, akielekea kwa Leokadia, alipomsikia mhudumu wa chai akimwambia mtu, "Ufunguo si utakwenda kwa yule binti? Nani mwingine?"

Akarudi akakaa.

Alikuwa anafikiri nini? Nitawaambia, kwa sababu yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Alifikiri hivi: nikimwambia sasa, atarekebisha kwa dakika kumi, na kesho atasimama mbele ya Bi. Saumu na majibu safi, nami nitakuwa mtu aliyetazama karatasi. Nikingoja hadi kesho saa tatu, atasimama na majibu mabovu, na mimi ndiye nitakayesimama kuyanyoosha. Ni siku moja tu. Mashine imeugua mwezi mzima, siku moja itaua nani?

Saa tisa alasiri Leokadia akapita tena. "Dada, umeona kitu?"

"Bado natazama," akasema Mwanjaa, na karatasi alikuwa ameshazifungia kwenye droo.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, simu iliingia kutoka upande wa mashamba ya mkonge. Mwanamume alikuwa anapiga kelele kwamba mke wake anajifungua. Mpokeaji, kijana anayeitwa Hizza, aliandika mahali, akabonyeza kitufe, skrini ikaganda, naye akabaki akiikodolea macho bila kusema neno. Sekunde tisa. Yule mwanamume akasikia kimya, akadhani simu imekatika, akakata. Akambeba mke wake kwenye bajaji ya jirani. Ambulansi ilipofika ikakuta nyumba tupu. Mtoto alizaliwa ndani ya bajaji, kwenye barabara ya mashimo, dereva akishika taa ya simu na kusali kwa sauti.

Mama na mtoto walikuwa wazima. Asubuhi wapokeaji walikuwa wakicheka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. "Wamwite Bajaji!" mmoja akasema. Hizza peke yake hakucheka. "Niliibonyeza," alikuwa akimwambia kila aliyepita. "Wallahi niliibonyeza." Alimwambia na Mwanjaa pia. Mwanjaa akamshika bega, akashindwa kumtazama usoni.

Jumatano hiyo saa tatu wakakusanyika. Leokadia akasimama, akaeleza mitego yake, akaonyesha majibu. "Kazi hii haikawii," akasema. "Inabidi tuanze upya kwingine."

Shemdoe akaguna. "Mimi nilisema ni pale, na bado nasema ni pale."

"Mzee wangu, tarakimu hizi hapa."

"Tarakimu zako zina homa."

Ndipo Mwanjaa akasimama. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa dakika hii, na alisema vizuri. Akataja elfu nne mia mbili na sita. Akataja elfu tatu mia tisa na themanini. Akawauliza yale mia mbili na ishirini na sita yako wapi, kisha akaeleza habari ya kibao kimoja, mpaka mhudumu wa chai naye akaelewa. Leokadia akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ni kweli," akasema. "Ni kosa langu. Kila mgeni alitakiwa kuandikwa kwa namba yake mwenyewe."

Akakaa palepale kwenye kona ya meza, akarekebisha, akatega upya mashine ikiendelea na kazi. Kufikia saa sita mchana majibu yakaja. Safu moja kubwa ya maombi yaliyopita haraka, na kule mbali peke yao maombi machache: sekunde saba, nane, tisa. Kila mmoja wa hao wazembe aliangukia dakika ileile ambapo mashine hunakili sauti za simu za zamani kwenye diski ileile. Wote watatu wakaihamishia kazi ya kunakili kwenye diski nyingine. Siku ile skrini haikuganda, wala kesho yake, wala wiki nzima iliyofuata.

Bi. Saumu akawaita tena. Mzee Mhina alikuwa ameshauvua ufunguo, na uzi wake ulikuwa umechakaa kwa jasho la miaka mingi. Ukawekwa mezani.

"Bila pua yangu," akasema Shemdoe, "mngekuwa bado mnatega mitego kwenye kazi elfu moja zisizo na hatia. Nilitaja jina moja, likawa lenyewe. Sidai zaidi ya haki yangu."

"Na jina bila mitego lingebaki jina," akasema Leokadia. "Hakuna hapa aliyeweza kuchungulia mle bila kuzima simu za watu. Nilikosea, sikatai. Lakini mitego iliyomkamata mwizi ni hiyohiyo yangu." Kisha akamgeukia Mwanjaa, na sauti yake ikalainika. "Ila nisiwe mchoyo wa shukrani. Bila Dada Mwanjaa ningekwenda kutafuta kwingine mwezi mzima, na watu wangeumia. Ukimpa yeye, mama, sitanuna."

Mwanjaa alikuwa ameungoja wivu wa yule binti, autumie kujitetea. Alipopewa shukrani hakujua aiweke wapi. Ikamchoma.

Bi. Saumu akamtazama. "Na wewe, mwanangu?"

"Bila macho yangu," Mwanjaa akaanza, "tungeamini uongo. Pua ilikuwa imeshakataliwa na mitego ilikuwa imeshadanganya. Mimi ndiye niliyeona." Na kila neno lilikuwa kweli.

"Umeona vizuri," akasema Bi. Saumu. Akauchukua ufunguo, akauzungusha uzi kidoleni, akawa kama anataka kuinuka. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayejaza fomu. "Uliliona lini hilo kosa?"

Leokadia akageuka kumsikiliza. Shemdoe akaacha kukuna kidevu. Nje, kwenye meza za wapokeaji, sauti ya Hizza ilikuwa ikimwambia mtu asikate, gari liko njiani.

Mwanjaa akafungua mdomo.

Mimi ninaishia hapo. Msinitolee macho, niliwaambia mapema. Mmoja alijua mahali, na bila yeye wasingejua pa kuanzia. Mmoja aliweza kufika mahali hapo, akafika na kosa, akalikubali hadharani. Mmoja aliliona kosa, na bila yeye wasingemaliza, lakini kati ya kuona kwake na kusema kwake mtoto alizaliwa kwenye mashimo. Mkinijibu kwamba ufunguo si wa mwenye kijicho, nitawauliza nani angezihesabu zile karatasi asingekuwa anamtafutia mwenzake kosa. Mkinijibu kwamba kazi ni kazi na nia ni ya Mungu, nitawaomba mkamwambie hivyo Hizza.

Haya, ufunguo uko mkononi mwa Bi. Saumu na shingo ni tatu. Je, wewe ungemvika nani? Na kabla hujanijibu: kama ungekuwa Mwanjaa, na hakuna mwingine anayejua, ungesema uliliona Jumanne, au ungesema Jumatano?