Asiye na Ukuni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, hadithi yangu ina baridi.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha milimani, aliishi mwalimu Shemdoe na mkewe Mboza. Desturi ya kijiji ilikuwa hii: kila mtoto aende darasani na ukuni. Asiye na ukuni hukaa mlangoni, meno yakigongana, ka-ka-ka.

Shemdoe akaipindua. "Asiye na ukuni akae karibu na moto," alisema. "Kwao hakuna moto."

Wazee waliguna. Mboza akazidi kumpenda.

Siku zile nchi ilikuwa ya mfalme wa ng'ambo, haonekani ila kodi zake. Akadai kodi hata ya moshi wa mekoni. Watu wakachoka, wakaunda baraza lao huko mbali bondeni, wakamtuma Shemdoe awasemee.

"Utarudi lini, mume wangu?"

"Mfalme akiondoka."

Akaenda. Ngo, ngo, ngo, bakora ikigonga mawe, mpaka isisikike tena.

Vita vikaja, vikapita. Mfalme akaondoka. Shemdoe hakurudi.

Mboza akauliza wasafiri: "Mume wangu je?"

"Anatunga sheria, mama."

Mvua zikaja, zikapita. "Mume wangu je?"

"Bado anatunga, mama. Wajane hawatozwi kodi siku hizi. Ni sheria yake hiyo."

Mboza alijivuna, kisha akalia. Sifa hazipashi kitanda joto.

Na darasa lilikuwa limefungwa, maana kiti cha mwalimu aliye hai hakikaliwi na mwingine. Watoto wakakua hawajui kusoma. Kukikalia, aliona Mboza, ni kama kumzika mumewe. Lakini asubuhi moja akafungua mlango, akawasha moto, akakikalia huku machozi yakimtoka. Akafundisha, miaka ikaenda.

Siku moja, katikati ya somo: ngo, ngo, ngo.

Mlangoni palisimama mzee, mvi tupu, mgongo umepinda. Watoto hawakumjua. Mboza aliijua bakora kabla ya sura.

"Hodi, mwalimu."

Mboza hakuinuka.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa. Na sikuleta ukuni."

Mboza aliitazama ile mikono iliyotunga sheria za nchi nzima. Haikuwa na kitu.

"Basi kaa karibu na moto."

Shemdoe akaketi chini, katikati ya watoto, na somo likaendelea.

Wanangu, anayewahangaikia wengi huwakosa walio wake. Akirudi, msimuulize kaleta nini. Hadithi yangu imekomea hapo, penye moto.