Nafasi Moja Shambani kwa Waridi

Sogeeni, na wenye watoto mapajani msogee zaidi, maana leo nataka mnihukumie jambo.

Palikuwa na wanawake watatu, wakata maua katika shamba moja la waridi. Eliwaza alijaliwa mwandiko mzuri. Ndeshi alijaliwa mdomo usiomwogopa mtu. Sikudhani alijaliwa uvumilivu. Wote waliwaacha watoto wao kwa Bibi Nantaika, aliyelea watoto ishirini na wawili katika chumba kimoja chenye jiko.

Siku moja uji wa moto ukamwagikia mkono wa mtoto wa Sikudhani.

Eliwaza akaandika barua ya kuomba chumba cha kulelea watoto pale shambani, akapita mlango kwa mlango mpaka kina mama themanini wakatia dole gumba.

Ndeshi akaipeleka. Meneja alipokataa kuipokea, Ndeshi aliisoma kwa sauti mbele ya wageni waliokuja kununua maua. Kesho yake akahamishiwa chumba cha baridi cha kuhifadhia maua, vidole vikafa ganzi.

Naye Sikudhani alimleta mwanawe shambani, akamfungua bandeji mbele ya wageni wale wale. "Mama gani wewe?" mmoja akamuuliza. Sikudhani akasimama hivyo hivyo mpaka wote wakaona.

Baada ya miezi mitatu chumba kikafunguliwa: mikeka safi, maziwa, walezi waliosomea. Nafasi kumi. Tisa wakapewa watoto wa watu wa ofisini. Meneja akawaita wale watatu.

"Imebaki moja. Ninyi ni marafiki, kubalianeni. Nileteeni jina kabla ya saa kumi."

Wakatoka nje.

"Wangu ana miezi saba," Eliwaza alisema. "Maziwa yananilowesha gauni hapa, yeye analia njaa kule."

"Tangu uji ule, wangu namwachia dada yake," Ndeshi akasema. "Ana miaka minane. Nimemwachisha shule."

"Wangu kila asubuhi anarudi kwenye jiko lile lile," alisema Sikudhani.

"Bila barua yangu kusingekuwa na chumba."

"Barua nani angeisikia bila mimi?"

Sikudhani akawatazama. "Nyie mlitoa maneno. Mimi nilimtoa mwanangu."

Na saa kumi inakaribia.

Haya, ninyi mlioketi hapa, kalamu shikeni ninyi: mngeandika jina la mtoto wa nani, na wale wawili mngewaambia nini?