Bwawa la Kiboko Kwenye Mteremko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati wanyama walipokaa kwenye nyumba za bati na kusalimiana kwa vyeo, Bwana Kiboko aliamua kuweka bwawa la kuogelea nyumbani kwake.

Najua mnataka kuuliza. Kiboko si ana mto? Anao, tena mto mzima, mwendo wa nusu saa tu. Lakini katika mto huo anaoga Ngiri, anaoga Nyani, na hata Fisi siku akijisikia. Sasa mtu mwenye shingo nene namna ile aoge na Fisi? Haiwezekani, jamani!

Halikuwa bwawa la kuchimba. Lilikuwa la kusimamisha juu ya ardhi: turubai kubwa la bluu, la mviringo, limeshikwa na nguzo za chuma pande zote. Kiboko alitaka lisimame mbele ya nyumba, pale kwenye mteremko, ili bonde zima lione na kuumia roho.

Chini ya mteremko huo aliishi Bi Chura na watoto wake arobaini. Walikuwa bado viluwiluwi, mikia mitupu, hawana hata mguu mmoja. Waliishi katika kidimbwi kilichokuwa mlangoni pake, na kiangazi kilikuwa kimepamba moto.

Asubuhi moja Bi Chura akasikia: Tutututututu! Kutoka nje, alaa! Mpira mnene wa maji umetumbukizwa kidimbwini, na pampu inavuta maji kupeleka kwa Kiboko. Mpira haukufika mtoni, bwana mkubwa akaona kwa Chura panatosha.

Bi Chura akapanda mteremko mbio, akafika anahema.

"Hodi! Bwana Kiboko, shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka, nina mafundi."

"Baba, kwenye maji yale wanaishi wanangu. Nakuomba wiki tatu tu, waote miguu."

Kiboko akapiga mwayo, na mwayo wa Kiboko ni kazi ya robo saa. "Waambie waote haraka."

"Hawaambiwi, baba. Ni watoto!"

"Basi waje waangalie bwawa likijaa. Watajifunza maendeleo."

Eti maendeleo! Kidimbwini palibaki tope na maji ya kina cha kidole. Kufikia kesho jioni, jua lingekuwa limeyamaliza, na wanawe pamoja nayo.

Akasimama kulitazama bwawa lile lililokula maji yake. Fundi alikuwa Mzee Kifaru, naye alikuwa akikaza nguzo ya mwisho.

"Mzee, shikamoo. Hukuweka pima maji? Naona limeinamia bondeni."

"Pima maji ni ya wanafunzi," Kifaru akasema. "Mimi natumia jicho."

Jicho! Kifaru huyu huyu ambaye juzi alikisalimia kichuguu akidhani ni mkwewe, kisha akakasirika kwa kutoitikiwa!

Bi Chura akazunguka polepole. Upande wa juu, maji yalikuwa ya magoti. Upande wa bondeni yalikaribia ukingo, na nguzo zilikuwa zimeanza kuegemea nje. Akazigusa. Kwiii, zikalia. Hapo wazo likamjia, akarudi kwa mwenye nyumba na uso wa furaha.

"Bwana Kiboko, mgeni rasmi ni nani?"

"Mgeni rasmi?"

"We! Usiniambie utaingia tu, chubwi, kama Nyati kwenye tope! Mtu wa hadhi yako? Bwawa kama hili lina uzinduzi. Lina utepe. Lina hotuba."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Na nani ataongoza shughuli?"

"Mimi jirani yako nipo kwa ajili gani? Sauti ninayo."

Hilo halikuwa la uongo. Bi Chura alinyimwa kimo, akapewa koo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, wanyama walikwisha kufika. Bi Chura aliwapanga wananchi kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde. "Huku ndiko mtakakoona vizuri," akawaambia, na wala hakusema uongo.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Tembo, alifika saa saba. Mgeni rasmi akiwahi, si mgeni rasmi tena. Saa zote hizo tatu jua lilikuwa linawaka, na Bi Chura alikuwa akitabasamu kwa wageni huku jicho moja liko kwenye tope la wanawe.

"Itifaki imezingatiwa!" akapaza sauti. "Waheshimiwa sasa wataingia majini. Wakubwa watakaa mbele, upande wa bondeni, wawaelekee wananchi. Wadogo watakaa nyuma."

Kifaru akasimama ukingoni, akakuna pembe. Akili ilimpitia kidogo, kama mgeni aliyepotea nyumba. "Lakini upande ule umejaa sana..."

Bi Chura akamwahi, akajibu kwa upole, "Kweli kabisa, mzee wangu. Wewe kaa nyuma pale, na wapishi."

"Nyuma? Mimi niliyelisimamisha?" Chubwi! Kifaru akakaa mbele.

Nyati akasikia kumbe kuna nyuma. "Nyuma mimi? Thubutu!" Chubwi!

"Mwenye bwawa hakai nyuma!" Kiboko akanguruma. Chubwiii!

Mheshimiwa Tembo akaingia kwa taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, akajisukumiza katikati yao, mbele kabisa. Nyuma hakukaa hata nzi.

Kwiii... kwiii... nguzo zikalia.

"Ni nini hicho?" Tembo akauliza.

"Vigelegele, Mheshimiwa! Wananchi wana furaha!"

Basi Tembo akakohoa, akaanza hotuba. Hotuba ilianzia kwa babu yake. Bi Chura akatupa jicho bondeni, akaona viluwiluwi wawili wamelala ubavu, wanapigapiga mkia kwenye tope. Kungoja hotuba iishe hakuwezekani, maana hakuna mnyama aliyewahi kusikia mwisho wa hotuba ya Tembo.

"Waheshimiwa!" akakatiza. "Wananchi wanaomba muwapungie mkono! Egemeeni mbele wawaone vizuri!"

Kuonekana vizuri! Wote wanne wakaegemea ukingo kwa pamoja.

Paaa! Nguzo ya kwanza. Paaa! Ya pili. Turubai likachanika, shwaaaaa!

Maji yakashuka na utepe, yakashuka na viti, yakashuka na waheshimiwa wanne miguu juu, huyu kamkalia yule. Wao walikwama kwenye kichaka cha miiba katikati ya mteremko. Maji hayakukwama. Yaliteremka mpaka kidimbwini yalikotoka, yakakijaza.

Bi Chura akaruka ndani, akaanza kuhesabu mikia. Kumi. Ishirini. Thelathini na tisa. Akazamia tena, roho mkononi, akamtoa wa arobaini chini ya tope akiwa bado anatikisika. Akalia mbele ya watu wote, bila kuona haya.

Kule kichakani Kiboko alikuwa akichomoa miiba. "Nani alitupanga upande mmoja? Ajitokeze!"

Kifaru akamtazama Nyati. Nyati akatazama kwato zake. Wa kumtaja alijulikana, lakini anayemtaja Chura lazima aeleze pia kwamba alipewa nafasi ya nyuma, naye akaikataa kwa kelele.

"Ulikuwa upepo," Tembo akasema.

"Upepo mkali sana," wenzake wakaitikia.

Hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani, na wananchi kule kilimani walikuwa wamelala chini kwa kucheka.

Watoto wangu, anayetaka aonekane na watu wote, ataonekana nao hata siku ya kuanguka.