Kitanda cha Dirishani cha Bi Mize

Sogeeni, lakini msinibane, joto lenyewe mnaliona. Leo nina kesi, na imenishinda.

Jirani yangu Bi Mize anaishi na wajukuu watatu. Siwema ana masikio: chungu kikichemka kwangu, yeye kwao anasikia. Mwanahawa ni muogeleaji, maji hayamtishi. Chausiku hakuna fundo linalomshinda, kwa vidole au kwa meno. Nyumba yao ina dirisha moja tu linalopata upepo, na chini yake kitanda cha kamba cha mtu mmoja. Hapo ndipo alipokuwa akilala Bi Mize. Wasichana wanaiva kwa joto ukumbini.

Juzi bibi akasema, "Nipelekeni bwawani, joto litaniua." Sasa bwawa letu, asubuhi na jioni wamejipa wanaume. Zamu ya wanawake saa sita, jua la utosi! Unafika umeshaungua. Na bibi akaingia majini na kanga mbili, moja kaifunga kifuani, nyingine shingoni.

"Bibi, punguza moja," Chausiku akamwambia.

"Nivue nguo mbele za watu? Thubutu!"

Kanga zikajaa maji, zikamvuta chini.

Sisi wanawake tulikuwa tunapiga soga na kucheka. Siwema peke yake ndiye aliyesikia sauti ya bibi ikikatika, akapiga ukelele. Asingesikia, nani angejua?

Mwanahawa akajitupa. Maji ni tope tupu, akapapasa chini mpaka akamshika, akamvuta ukingoni. Asingepiga mbizi, leo tungekuwa matangani.

Lakini bibi hapumui! Fundo la shingoni limeloa, limekaza, linamnyonga. Chausiku akaling'ata mpaka jino likamtoka, fundo likaachia. Bibi akatapika maji, akalia kama mtoto.

Kisha akaapa, na ulimi wake ule haurudi nyuma! "Wallahi, aliyeniokoa ndiye atakayelala dirishani mpaka masika. Na mimi sikipandi tena kitanda kile."

"Ni mimi niliyesikia," Siwema akasema.

"Kusikia tu? Nani alipiga mbizi?" Mwanahawa akadakia.

"Wewe, dada, ulituletea maiti," Chausiku akajibu, mkono mdomoni.

Msiniambie wapokezane, kaapa ni mmoja tu. Tena sasa wasichana wenyewe wametubu, kila mmoja anasema, "Mpe mwenzangu, bibi, yaishe." Hataki. "Nataka ukweli, sitaki huruma." Akisema hivyo, utamfanya nini?

Basi kitanda kitupu, upepo unakipuliza bure. Bi Mize amelala chini ukumbini, anahema. Wamembembeleza apande yeye, anasema kiapo ni kiapo. Leo asubuhi nimeingia, hakulikumbuka jina langu, mimi niliyekaa naye miaka thelathini. Nimempepea kwa kawa ya kufunikia chakula mpaka mkono umekufa ganzi. Sina lingine.

Je, nyinyi mngesema ni nani aliyemwokoa? Niambieni nikamwambie, angali anasikia.