Kwa Nini Binadamu Huanguka Kwanza

Wekeni udongo chini, nyote mlio hapa shimoni, mnisikilize. Nimesikia mnavyonong'ona juu ya mjukuu wangu Nankondo, kwamba ana mwaka na miezi mitatu na bado hajasimama. Mmoja wenu amethubutu kusema mtoto huyo hatafaa kitu. Mimi nimefinyanga vyungu miaka arobaini na siogopi mdomo wa mtu. Nitawaeleza kwa nini binadamu huchelewa kutembea, kisha tuone nani atacheka.

Zamani sana, milima hii ikiwa ile ile lakini watu wakiwa wengine, hakuna mtoto aliyejifunza kitu. Mtoto alizaliwa alfajiri, adhuhuri yuko wima kama ndama, jioni anamfuata mama yake shambani. Miondoko yote ilitoka kwa Mgawaji, aliyeishi pangoni juu ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Alikuwa na vibuyu viwili. Katika kibuyu kikubwa mlikuwa na miondoko ya miguu, mgongo na mabega: kusimama, kutembea, kubeba. Katika kibuyu kidogo mlikuwa na miondoko ya vidole. Mama mjamzito alipofikisha mwezi wa nane alipanda pangoni, akanyweshwa funda moja la kila kibuyu, na mtoto akazaliwa na miondoko yote.

Mtasema, raha iliyoje! Si raha hata kidogo. Funda la kibuyu kidogo lilikuwa na kazi moja tu, na aliyeichagua ni Mgawaji. Aliyepewa vidole vya jembe alilima mpaka kufa. Aliyepewa vidole vya kusuka alisuka, atake asitake. Ukishika kazi ya mwenzako, vidole vilikakamaa kama kuni. Watu hawakulalamika, maana hawakujua kama kuna namna nyingine ya kuishi.

Isipokuwa Nakijwa. Huyu alizaliwa na vidole vya jembe, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vyungu. Kila alipojaribu kufinyanga vidole vilimkatalia, naye akalia kwa hasira. Alipopata mimba na mwezi wa nane kufika, akakaa nyumbani. Mama mkwe wake alimsihi, wazee wakamtisha. Akawajibu, "Mtoto wangu hatapangiwa mikono kabla sijamwona uso."

Akazaliwa binti, akaitwa Mbonea, laini kama uji. Hata kichwa chake hakuweza kukishika. Majirani walichungulia mlangoni wakaondoka wakitikisa vichwa. Siku ya saba Mgawaji akashuka mwenyewe, kwa maana sheria yake ilikuwa kwamba mtoto asiyesimama siku ya saba huchukuliwa pangoni, wala harudi. Nakijwa akamkumbatia bintiye.

"Nipe mpaka vuli ya mwakani ijaze ndiva," akasema. "Akishindwa kuvuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe, utuchukue sote wawili."

Mgawaji akacheka sana, akakubali.

Mwaka ule ulikuwa mrefu kwa Nakijwa. Mbonea alihangaika na kichwa chake miezi mitatu mizima kabla hakijatulia. Akajua kugeuka kifudifudi, akakwama hapo wiki kadhaa. Akajua kukaa, akawa anapinduka upande upande. Punje ya mahindi alijaribu kuikamata kwa kiganja chote akaikosa, siku nyingi, mpaka asubuhi moja akaiokota kwa kidole gumba na cha shahada. Nakijwa alipiga kigelegele peke yake. Kosa lake lilikuwa kumkimbilia kila anapoanguka. Akagundua kwamba mtoto aliyeinuliwa hujilegeza tu, akingoja mikono ya mama. Tangu hapo mtoto akianguka, Nakijwa aliikalia mikono yake, machozi yakimtoka, akasubiri.

Vuli ikanyesha, ndiva ikajaa. Watu wote wakaja uwanjani, na Mgawaji akasimama upande wa pili. Nakijwa akamweka Mbonea chini, akamwachia. Mtoto akaenda hatua tatu, akaanguka. Akainuka. Hatua nne, akaanguka, akainuka tena. Watu walinyoosha shingo, kwa kuwa hawakuwahi kuona mtu akianguka na kuinuka.

Alipofika katikati, Mgawaji aliona anashindwa. Mjanja yule akaenda akang'oa kizibo cha ndiva iliyokuwa juu tu ya uwanja, akarudi kutazama. Maji yakaporomoka, uwanja wote ukawa tope la kuteleza. Watu wakataka kukimbia, wakaanguka wote, chali kama mende, na Mgawaji pamoja nao. Hapo ndipo walipojua walichonyweshwa. Funda lao lilikuwa na kutembea kwenye ardhi kavu, halikuwa na tope. Lilikuwa na kusimama, halikuwa na kuinuka. Watu wazima walilala pale wakilia.

Mbonea naye alikuwa ameanguka. Akajigeuza kifudifudi. Akakusanya magoti, akakita viganja, makalio juu, akasimama. Mama mkwe wa Nakijwa, uso umejaa tope, akamtazama, naye akajigeuza kifudifudi. Wazee wakafuata, mmoja mmoja, makalio juu, wakijifunza kwa mtoto wa mwaka mmoja. Kila aliyefanikiwa kusimama alipigiwa makofi: "Dede! Dede!" Mbonea akaendelea na safari yake, akianguka na kuinuka, mpaka akamfikia Mgawaji aliyelala chali. Akashika goti lake, akajivutia juu, akavuka.

Mgawaji alipoinuka alivunja vibuyu vyote viwili kwenye jiwe. "Basi mjifunze kila kitu!" akafoka. "Na mwanzo wenu uwe kuanguka!"

"Tutajifunza," akasema Nakijwa. Akaenda moja kwa moja kwenye udongo, na kwa kuwa vibuyu vilikuwa vimevunjika, vidole vyake havikukakamaa tena. Chungu cha kwanza kilienda upande. Cha pili kilipasuka. Cha kumi kilishika maji.

Na tangu siku hiyo binadamu huzaliwa hajui kitu, hata kushika kichwa chake. Na tangu siku hiyo mtoto akisimama mara ya kwanza tunampigia makofi na kumwambia dede, wala hatumkimbilii akianguka. Ndama husimama siku ya kwanza, na mpaka anazeeka hajui kufinyanga, kusuka wala kudaka embe linaloanguka. Mikono yangu hii mnayoisifu ilivunja vyungu thelathini kabla ya kutoa kimoja cha kuuzwa.

Nankondo ameanguka mara tisa asubuhi hii. Mara tisa, na mara zote tisa amekita viganja vyake chini bila kuambiwa. Sasa anayetaka kumcheka na asimame hapa mbele yangu, atuambie yeye alisimama baada ya kuanguka mara ngapi.