Sista Wapi wa Ngamiani

Muuliza hali haulizi njia. Asubuhi mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule kijana wa kusoma mita za maji, nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza neno hilo limetoka wapi, maana anayetafuta njia ataachaje kuiuliza? Basi sogeeni hapa mkekani niwaeleze lilikoanzia. Hawakulitunga wahenga wa zamani sana. Lilizaliwa hapa hapa Tanga, Ngamiani, na aliyelisababisha alikuwa mgeni.

Mgeni huyo aliitwa Sekela. Alikuwa mkunga, mzaliwa wa Rungwe, kule kwenye migomba na ukungu, na alikuja kwetu kwa uhamisho akiwa na miaka thelathini na mitatu. Si kwamba kwao hawasalimiani. Kwao mtu huulizwa hali yake, ya watoto wake, hata ya ng'ombe wake. Lakini Sekela alikuwa ametumikia miaka tisa katika wodi ya wazazi ya hospitali kubwa Dar es Salaam, wodi ambayo kitanda hakipoi kabla hajalazwa mwingine, na huko alizoea kusema machache na kutembea mbiombio. Tabia hiyo akapanda nayo basi, akashuka nayo hapa.

Siku za mwanzo mji ulimpendeza. Barabara za Ngamiani zimenyooka kama mistari ya daftari, nazo zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka huko mwisho, akajiambia kwamba katika mji wa namna hii hata mtoto hapotei. Akazipenda baiskeli. Aliwaona kina mama watu wazima, buibui limekunjwa vizuri, kikapu cha samaki kimefungwa nyuma, wanakwenda taratibu na kupigiana kengele kwa salamu. Akaipenda mihogo ya nazi. Akamwandikia dada yake barua kumwambia kuwa amepata mji mzuri, ila watu wake wana kasoro moja, hawana haraka hata chembe. Mwenye duka hufunga mchana akale na kujinyoosha. Ukienda kununua sindano utaulizwa umeamkaje, watoka wapi, wa huko hawajambo, mvua zimenyesha? Watu hawa, aliandika, wanautumia muda kana kwamba wana kisima chake uani.

Kazi yake ilikuwa kwenye zahanati. Asubuhi alipima wajawazito, na mchana alichukua baiskeli ya zahanati akawazungukia majumbani wale wenye matatizo. Hapo ndipo yeye na mji walipoanza kupishana. Alipofika penye watu alikuwa hashuki. Aliweka mguu mmoja chini na kuuliza nyumba ya fulani iko wapi. Watu barazani wakamjibu kwa kumwuliza, hujambo sista? Akasema sijambo, nyumba iko wapi? Wakatazamana. Kisha mmoja akanyoosha mkono na kusema, mbele huko. Na nyinyi mnajua, mbele huko ni popote kati ya hapo na baharini.

Haukupita mwezi wakampa jina, Sista Wapi. Hawakumpa kwa ubaya, ndivyo tulivyo, mtu tusiyempa jina hatujampokea. Lakini Sekela alipolisikia lilimchoma, akazidi kuwa na haraka.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja aitwaye Mwanashehe, mke wa fundi wa reli. Mimba yake ilikuwa ya pili, na ile ya kwanza mtoto alizaliwa akiwa hana uhai. Mwanashehe alipokuja zahanati katika mwezi wake wa nane, Sekela alimpima akakuta presha imepanda na miguu imejaa maji. Akamwambia apumzike, asile chumvi, na arudi baada ya siku tatu bila kukosa. Siku ya tatu Mwanashehe hakuja. Ya nne hakuja.

Mkunga aliyeona mengi anajua mambo hayo yanaelekea wapi. Usiku ule Sekela hakupata usingizi. Asubuhi ya siku ya tano aliwaacha wagonjwa wengine kwa mwenzake, akachukua baiskeli. Kadi ilisema Barabara ya Kumi na Tatu. Nyumba aliipata, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Akamwuliza jirani aliyekuwa akianika nguo, Mwanashehe yuko wapi? Jirani akasema hajui. Akamwuliza fundi cherehani wa pembeni, naye akasema labda kasafiri. Akamwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza bajia kwenye kona, na yule mama akamtazama juu hadi chini, akageuza bajia zake, akasema, "Mbele huko."

Sekela alizunguka kutoka barabara ya kumi na tatu hadi ya ishirini, jua likimpiga utosini, asipate kitu. Alirudi zahanati amekasirika, akamwambia Mzee Semkiwa kwamba watu wa mji huu wana roho ngumu, mwenzao anakufa nao wanamficha.

Mzee Semkiwa alikuwa mhudumu wa pale, kazi yake kupima watoto uzito na kuandika kadi. Alimwacha amalize. Kisha akamweleza kwamba hapa mwanamke aliyewahi kupoteza mtoto, mimba ikikaribia, huhamishiwa kwa mama yake au kwa shangazi, na pahali hapo hapatangazwi kwa kila mpita njia.

"Kwa hiyo wanajua aliko," Sekela alisema.

"Mtaa mzima unajua. Wasichokijua ni wewe nani."

"Wananijua. Mimi ni mkunga wao, wananiona kila siku."

"Wanaiona baiskeli, mwanangu," Mzee Semkiwa alisema. "Mtu asiyeniuliza kama mimi mzima au mgonjwa, kwa nini nimwoneshe mlango wa mgonjwa?"

Sekela alikunywa maji, akaichukua tena baiskeli.

Safari hii alipofika kwenye kona ya Barabara ya Kumi na Tatu alishuka. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akamwendea yule mama wa bajia, ambaye jina lake lilikuwa Bi Mwanakombo, akainama kidogo akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanakombo alimsogezea kigoda. "Keti, jua kali."

Sekela akaketi. Ndani ya moyo alikuwa akihesabu kila dakika, na mguu mmoja ulikuwa ungali tayari kuondoka. Akamwuliza hali yake. Bi Mwanakombo akamwambia hali si haba, ila goti hili linamsumbua tangu mfungo uliopita. Hapo Sekela alitaka kusema pole na kuingia kwenye lake, lakini macho yake yakaangukia goti lenyewe, akaona limevimba, akaomba kuliona vizuri. Akalishika, akalibonyeza pole pole, akauliza linauma wapi na linauma zaidi saa ngapi. Akamwambia asikae chini kwenye moto siku nzima, atafute meza, na kesho aje zahanati. Wakatoka kwenye goti wakaja kwa mwanawe aliyeko Korogwe, ambaye haandiki barua, wakaja kwa paa linalovuja. Sekela alisikiliza. Alipokuja kugundua, alikuwa ameacha kuhesabu dakika.

"Na wewe, mwanangu," Bi Mwanakombo akauliza, "hali yako?"

Kila siku tangu alipofika alikuwa ameulizwa swali hilo, na kila siku alijibu nzuri kabla halijaisha. Sasa alianza kulijibu vile vile, akajisahihisha.

"Si nzuri, mama. Nina hofu. Sijalala."

"Hofu ya nini?"

"Nina mgonjwa. Nisipomwona leo, naogopa nitampoteza yeye na mtoto wake."

Bi Mwanakombo aliipua karai motoni. Akazifunika bajia, akaisukuma sinia kwa fundi cherehani amwangalizie, akasimama kwa shida akishikilia bega la Sekela.

"Twende," akasema.

"Lakini safari hii sijakuuliza aliko."

"Hujaniuliza, ndiyo maana nakupeleka. Shika baiskeli yako."

Walikwenda mpaka Barabara ya Kumi na Sita, wakaingia nyumba iliyokuwa na duka la mkaa mbele, wakapita ukumbini hadi uani. Bi Mwanakombo hakupiga hodi mara ya pili. Chumba cha mwisho, kitandani, alilala Mwanashehe, kitambaa chenye maji kimefungwa kichwani. Shangazi yake alisema ni joto tu, kichwa kimemuuma tangu jana na macho yanaona ukungu. Sekela aliposikia macho, hakungoja zaidi. Akapima presha, akapima tena. Akamwambia shangazi kwa upole lakini bila kuzunguka kwamba hicho ni kifafa cha mimba kinabisha mlangoni, na mtu huyu lazima afike hospitali sasa hivi.

Hapo sasa mjue watu hawa wasio na haraka walifanya nini. Bi Mwanakombo alisimama kizingitini akasema neno moja barabarani. Kulikuwa na gari limetoka Muheza na machungwa, dereva ndiyo kwanza anashusha tenga la pili. Watu wanne waliyashusha matenga yote yaliyobaki na kuyapanga ukutani bila kuuliza ya nani wala nani atayalinda. Godoro likatandikwa. Mwanashehe akabebwa kwa shuka na kina mama sita, na mmoja wao ni yule jirani wa nguo aliyesema hajui. Wenye baiskeli walitangulia mbele wakipiga kengele ili njia iwe wazi. Sekela alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka tisa, aliniambia mwenyewe, na hajapata kumwona mgonjwa akitoka kitandani na kufika barabarani upesi kiasi kile.

Hospitali Mwanashehe alichomwa sindano ya kuzuia kifafa, kisha wakampasua. Kabla jua halijazama alizaliwa mtoto wa kike, mdogo mno, lakini alilia. Mama yake alikaa wodini wiki tatu, na kwa siku mbili za mwanzo hakuna aliyejua kama atarudi. Akarudi.

Tangu hapo Sekela alitoka zahanati saa nzima kabla ya wakati wake wa zamani. Alishuka kwenye kila baraza. Aliuliza, akaulizwa, akajibu kweli. Wakati mwingine alijibu kwamba anamkumbuka mama yake, na kesho yake akaletewa ndizi za kupika kwa kuwa ndicho chakula cha kwao. Na taratibu likatokea jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitarajia, kwamba hakuulizia tena nyumba ya mtu yeyote. Akiisha kuketi, watu ndio waliomwambia, fulani kahamia kwa dada yake, fulani mimba yake haichezi tangu juzi, pitia pale nyumba ya bati jipya, mwari yule anaona haya kuja.

Jina la Sista Wapi halikumtoka, ila sasa alilipenda.

Baada ya miaka saba alipandishwa cheo na kuhamishiwa wilayani, akaletwa mkunga mwingine kushika nafasi yake, msichana hodari, ametoka chuoni. Msichana alimwomba amchoree ramani ya mtaa na nyumba za wagonjwa wake. Sekela alichukua penseli, akachora barabara, kisha akakwama, maana nyumba nyingi hakuwahi kujua ziko namba ngapi. Akaiweka penseli. Akampeleka yule msichana hadi kwenye kona ya Barabara ya Kumi na Tatu, ambako Bi Mwanakombo, mzee sana sasa, alikaanga bajia juu ya meza.

Msichana alikuwa na daftari mkononi. Akauliza, "Mama, nyumba ya Riziki Mwinchande ni ipi?"

Bi Mwanakombo alimtazama Sekela, wote wawili wakacheka. Akamsogezea mgeni kigoda, akampangusia kwa pindo la khanga yake.

"Keti kwanza, mwanangu," alimwambia. "Muuliza hali haulizi njia."