Majani Makavu ya Kona ya Tatu

Isome polepole hadithi hii, kisha mtumie yeyote unayemjua aliye safarini leo.

Tusekile alikuwa anajifunza kuendesha lori la masafa marefu, lile lenye tela. Mwalimu wake alikuwa Mzee Sichone, dereva wa miaka thelathini. Tajiri wao alikuwa ameshatoa neno: safari ya nane ikiisha, Mzee Sichone akisema "anaweza", Tusekile atapewa ufunguo wa lori lake mwenyewe.

Tusekile alipenda kuuliza. Aliuliza kwa nini matairi hugongwa kwa rungu kabla ya kuondoka. Aliuliza kwa nini mteremko mkali hushukwa kwa gia nzito. Siku moja aliona matawi ya miti yamelazwa ukingoni mwa lami.

"Mzee, haya nani kayatupa?"

"Hayakutupwa, mwanangu. Yanasema. Yanasema mbele kuna gari limeharibika."

"Na yanasema limeharibika lini?"

Mzee Sichone akacheka. "Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Yatazame mwenyewe."

Basi akayatazama, safari baada ya safari. Akagundua kwamba majani mabichi ni gari la leo. Majani makavu, mara nyingi, gari limeshaondoka na mwenyewe ameyasahau matawi yake. Akafurahi kama mtoto aliyeanza kusoma.

Safari ya nane ilifika. Walikuwa wanapanda mlima kuelekea mpakani, wamebeba mbolea, na kwenye kona ya tatu bomba la maji ya injini likapasuka. Tusekile alikata matawi akayalaza mbele na nyuma ya lori. Ili yaonekane vizuri, alichana kanga kuukuu nyekundu, akafunga kipande kwenye kila tawi.

Mzee alipomaliza kufunga bomba jipya, mawingu ya mvua yalikuwa yametanda.

"Umemaliza kila kitu?" aliuliza huku akinawa grisi.

"Kila kitu, Mzee."

Wakaondoka.

Siku tisa baadaye walikuwa wanarudi, Tusekile akiwa kwenye usukani. Karibu na kona ya tatu aliona matawi. Majani yake yalikuwa ya kahawia, yamejikunja.

"Makavu," alisema. "Mwenyewe yuko kwake anakunywa chai."

Hakupunguza mwendo. Mzee Sichone alifungua kinywa aseme kitu, lakini kona ilikuwa imeshafika.

Mwenyewe hakuwa kwake, ila chai alikuwa anakunywa kweli. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, kikombe mkononi, na lori lake limesimama katikati ya njia. Chini ya lori hilo ilitokeza miguu miwili ya fundi.

Breki zililia, tela likayumba. Lori la Tusekile lilisimama hatua mbili kutoka kwenye ile miguu.

Yule dereva akaweka kikombe chini.

"Dada, hukuyaona majani?"

"Niliyaona, kaka. Lakini ni makavu. Nilijua mwenyewe ameshaondoka."

"Mimi nipo hapa tangu jana."

"Sasa kwa nini hukukata mabichi?"

"Nikate ya nini?" alijibu yule dereva. "Niliyakuta hapo hapo, yamepangwa vizuri, mbele na nyuma. Nikasema, aliyeyaacha Mungu ambariki, kaniondolea kazi."

Tusekile alirudi kwa miguu hadi kwenye matawi, akageuza moja. Kwa chini palikuwa na kipande cha kanga, wekundu wake umefifia kwa mvua na vumbi.

Angeweza kukitia mfukoni. Alikuwa peke yake pale. Badala yake alikata matawi mabichi, akayapanga, yale makavu akayatupa mbali porini. Kisha akarudi na kile kipande mkononi.

"Mzee, ni yangu."

Mzee Sichone alikipokea.

"Leo jioni nilikuwa nimpigie tajiri simu," alisema.

"Najua. Na sasa?"

"Sasa tutakwenda safari moja zaidi, mwanangu. Sote wawili. Mimi nilikuuliza kama umemaliza, halafu sikwenda kutazama."

Safari ya tisa walipita kona ile tena. Lile lori halikuwepo, lakini yale matawi aliyoyakata Tusekile yalikuwa yamebaki, yameanza kukauka. Tusekile akapita, akaegesha mahali palipo salama, akarudi kwa miguu kuyaondoa, moja moja, mbele na nyuma.

Alipopanda tena kwenye lori, Mzee Sichone alikuwa ameshika simu sikioni.

"Ndiyo, tajiri," alikuwa anasema. "Anaweza."

Funzo: Onyo likiachwa baada ya hatari kupita, huwafundisha watu kutoliamini onyo la kweli. Uliloliweka kwa ajili ya wengine, rudi uliondoe mwenyewe.